Upungufu wa Nini? Historia ya Kupima Hemoglobini na Suala la Istilahi

Miongoni mwa mafungu ya maneno yanayopita mikononi mwa wafasiri wa maandishi ya afya, ni machache yanayoonekana rahisi kama "upungufu wa damu". Mkunga hulitumia kliniki, mwalimu hulitumia darasani, na mtumishi wa serikali huliandika katika taarifa bila ya kusita. Lakini mfasiri akitakiwa aeleze kinachopungua ni nini hasa, mara huona kwamba fungu hilo limebeba dhana kadhaa zilizo mbalimbali: kupungua kwa damu yenyewe mwilini; kupungua kwa protini nyekundu iliyomo ndani ya chembe za damu; kupungua kwa madini ya chuma ambayo bila ya hayo protini hiyo haiundiki; na pengine kasoro ya protini yenyewe. Makala haya yanakusudia kuifuata historia ya kupima protini hiyo, yaani hemoglobini, kwa sababu ni katika maabara, wala si katika kamusi, dhana hizo zilikotenganishwa.

Yafaa tuanze na majina ya zamani. Kabla ya kuwapo kifaa chochote, macho ndiyo yaliyokuwa kipimo, na kila lugha ilitaja rangi iliyoiona. Waganga wa Ulaya wa karne ya 17 waliwaita wasichana waliopauka kuwa ni wagonjwa wa klorosisi, jina lililotokana na neno la Kiyunani la rangi ya kijani. Katika Kiswahili tunalo neno safura, lenye asili ya Kiarabu, na ambalo katika asili hiyo linahusiana na rangi ya manjano. Kamusi zetu hulieleza kuwa ni maradhi yaletwayo na minyoo inayonyonya damu tumboni, mgonjwa akapauka na kuvimba. Neno anemia nalo, ambalo baadhi yetu hulitukuza kwa kuwa lina sura ya kitaalamu, maana yake katika Kiyunani ni "kutokuwa na damu". Kwa hiyo yule anayelidharau fungu letu la "upungufu wa damu" kuwa ni la mitaani, na ajue kwamba limesema kweli zaidi kuliko hilo la Kiyunani: mgonjwa anayo damu, ila imepungukiwa. Imepungukiwa na kitu gani, hilo ndilo lililowachukua wataalamu muda mrefu kulijibu.

Mwaka 1840 Friedrich Ludwig Hünefeld, Mjerumani, aliona fuwele nyekundu katika damu iliyokaukiana baina ya vipande vya kioo. Mwaka 1851 Otto Funke alieleza namna ya kuzipata fuwele hizo kwa makusudi. Hatimaye, mwaka 1864, Felix Hoppe-Seyler aliipa dutu hiyo jina la hemoglobini, na katika mwaka huo huo George Gabriel Stokes wa Uingereza alionyesha kwa spektroskopu kwamba rangi ya dutu hiyo hubadilika kwa kadiri inavyobeba au kuachia oksijeni. Kwa mara ya kwanza ikathibitika kuwa wekundu wa damu si pambo. Ni ishara ya kazi inayofanywa na protini fulani.

Hapa pana suala dogo la tahajia ambalo haifai kulipita kimya. Maandishi yetu yana hemoglobini, himoglobini, na hata hemoglobin isiyo na irabu ya mwisho. Umbo hili la tatu halifai, kwani linapingana na muundo wa silabi zetu. Baina ya mawili ya kwanza mimi naelekea kwenye hemoglobini, kwa sababu shina lile lile hutukia katika hemofilia na hematolojia, na mwanafunzi akiliona mara tatu katika sura moja atalitambua bila ya kufundishwa.

Tukirudi katika historia, tatizo lililofuata lilikuwa kupata kiasi. Karl Vierordt alikuwa amekwisha kuzihesabu chembe nyekundu kwa darubini mwaka 1852, na wengi walidhani kuwa hesabu hiyo yatosha. Haikutosha. Watu wawili huweza kuwa na idadi sawa ya chembe, na mmoja wao chembe zake zikawa zimepauka kwa kuwa hazina protini ya kutosha ndani yake. Ilibidi rangi yenyewe ipimwe. Mwaka 1878 William Gowers, tabibu wa London, alitoa kifaa ambacho wazo lake lilidumu kwa zaidi ya nusu karne. Damu kidogo, milimita 20 za ujazo, ilitiwa katika neli yenye alama, kisha ikazimuliwa kwa maji tone baada ya tone mpaka rangi yake ilingane na ya neli ya pili, iliyojazwa gliserini ya mgando iliyotiwa rangi nyekundu ili ifanane na damu ya mtu mwenye afya iliyozimuliwa mara 100. Ikiwa rangi zimelingana maji yalipofika kwenye alama ya 60, basi damu ilisemwa kuwa ni asilimia 60.

Hapo ndipo asilimia ilipoingia katika lugha ya damu, na msomaji anayeshughulika na istilahi hana budi kuuliza mara moja: asilimia ya nini? Gowers alimaanisha asilimia ya damu ya mtu mwenye afya. Lakini mtu huyo ni nani? Mwanamume au mwanamke, wa pwani au wa milimani, mla nyama au mla viazi? Neno asilimia lilikuwa na sura ya hesabu, ilhali msingi wake ulikuwa ni makubaliano tu, tena makubaliano ambayo kila mtengenezaji wa vifaa aliyafanya kwa upande wake.

John Scott Haldane alijaribu kuiondoa kasoro hiyo mwaka 1901. Alikuwa amechunguza vifo vya wachimbaji wa makaa ya mawe, akajua vema kwamba hewa yenye sumu ya monoksidi ya kaboni huishikilia hemoglobini na kuipa wekundu mkali usiochuja upesi. Akaishibisha damu ya kigezo kwa gesi ya makaa, ile iliyokuwa ikiwasha taa za mijini, na damu ya mgonjwa vivyo hivyo, ndipo akazilinganisha. La maana zaidi ni kwamba aliifunga asilimia 100 na kitu kinachopimika: damu inayoweza kubeba mililita 18.5 za oksijeni katika kila mililita 100. Kwa hesabu ya wakati ule kiasi hicho kililingana na gramu 13.8 za hemoglobini. Uchunguzi wa miaka ya 1940 ulionyesha kwamba kigezo kile kile cha Haldane kwa kweli kilikuwa sawa na gramu 14.8.

Kifaa cha Haldane kilihitaji gesi ya bomba, na gesi hiyo haikuwako vijijini wala katika zahanati za mbali. Ndiyo sababu njia ya Hermann Sahli wa Bern, iliyotolewa mwaka 1902, ilienea duniani kuliko zote. Yeye aliitia damu katika asidi hafifu ya hidrokloriki. Hemoglobini ikageuka kuwa dutu ya rangi ya kahawia, ikazimuliwa, na ikalinganishwa na kioo cha kahawia. Hakukuwa na haja ya gesi wala ya umeme. Ilitakiwa subira tu, kwani rangi ya kahawia huchukua dakika kumi au zaidi kukolea, na mpimaji mwenye haraka alipata jibu la chini kuliko ukweli. Rahisi zaidi ilikuwa njia ya Theodor Waldemar Tallqvist wa Helsinki, ya mwaka 1900: tone la damu juu ya karatasi ya kukaushia wino, na kando yake ukurasa wenye madoa kumi ya wekundu, kuanzia asilimia 10 hadi 100. Ilikuwa nafuu mno, nayo ilikosea mno. Jibu lake liliweza kupotoka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano.

Sasa na tuangalie hasara yake katika maandishi. Kigezo cha asili cha Sahli kilihesabu asilimia 100 kuwa ni kama gramu 17.3 katika mililita 100 za damu. Tuseme basi kuwa kadi ya mama mjamzito imeandikwa "asilimia 50" bila ya kutajwa kifaa. Kwa hesabu ya kwanza ya Haldane mama huyo ana gramu 6.9, kwa hesabu iliyosahihishwa, gramu 7.4; kwa kigezo cha asili cha Sahli, gramu 8.65. Mpaka ambao Shirika la Afya Duniani huutumia kutambua upungufu mkali kwa mjamzito ni gramu 7. Neno moja, tarakimu moja, na wagonjwa wawili: mmoja wa kupelekwa hospitali leo hii, mwingine wa kupewa vidonge na kurudi baada ya majuma machache. Mfasiri au mwanahistoria anayekuta asilimia katika taarifa za zamani za hospitali asizigeuze kuwa gramu mpaka ajue kwanza ni kifaa gani kilichotumika. Na asipojua, aziache kama zilivyo.

Njia ya kuondokana na asilimia ilitafutwa katika kemia. Mwaka 1935 David Drabkin na Harold Austin, huko Pennsylvania, walieleza mmumunyo wenye ferisianidi na sianidi ambao huzigeuza karibu aina zote za hemoglobini kuwa dutu moja iliyo imara. Ufyonzaji wa nuru wa dutu hiyo hupimwa kwa mashine, katika urefu wa wimbi wa nanomita 540, na jicho la mtu halihukumu tena. Kisha Kamati ya Kimataifa ya Usanifishaji katika Hematolojia ikatoa mapendekezo mwaka 1967, ikaifanya njia hiyo kuwa ya rejea kwa ulimwengu mzima, na kuweka vimiminika vya kigezo ambavyo maabara yoyote iliweza kujisahihishia. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu umbo la protini lilikuwa limekwisha kujulikana: kila molekuli ina atomu nne za chuma, na chuma ni asilimia 0.347 ya uzito wake. Hivyo gramu ya hemoglobini ikawa kitu kinachoweza kuthibitishwa kwa kupima chuma, wala haikutegemea tena afya ya mtu wa kubuni.

Vita Kuu ya Pili ilileta njia nyingine ambayo naitaja kwa furaha ya mpenzi wa maneno. Robert Phillips na Donald Van Slyke wa Taasisi ya Rockefeller walilidondosha tone la damu katika maji ya mrututu yaliyopimwa uzito. Tone likizama, damu ni nzito, yaani hemoglobini yatosha, likielea, haitoshi. Kwa wachangiaji damu ilizoeleka kutumia mmumunyo ambao uzito wake ukilinganishwa na wa maji ni 1.053, unaokaribiana na gramu 12.5 za hemoglobini. Nimeona vitabu vya Kiswahili vikiandika "kopa salfeti" au "salfeti ya shaba". Majina hayo yana mahali pake katika somo la kemia, lakini mrututu umekuwamo katika lugha yetu kabla ya maabara, nao haustahili kusahauliwa.

Kutokana na maelezo hayo msomaji ataona kuwa vifaa vyote hivyo, tangu cha Gowers hadi mashine ya nanomita 540, havikupima hata mara moja wingi wa damu mwilini. Vilipima ukolezi, yaani kiasi cha hemoglobini katika ujazo fulani wa damu. Tofauti baina ya wingi na ukolezi si ya wanafalsafa. Mtu aliyekatwa panga akamwaga damu nyingi, akipimwa saa ya kwanza, aghalabu huonekana kuwa na hemoglobini ya kawaida, kwani chembe na maji ya damu vimetoka pamoja na kilichobaki hakijazimuliwa. Damu yake ni pungufu kweli kweli, ila kipimo hakisemi hivyo. Mama mjamzito yu kinyume chake. Plazma yake huweza kuongezeka kwa karibu nusu, ilhali chembe nyekundu huongezeka kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Damu yake yote kwa jumla imezidi, lakini ukolezi umeshuka. Ukimwambia "damu yako imepungua" umemwambia kinyume cha yaliyotokea.

Katika rasimu moja ya kijitabu cha afya iliyowahi kuletwa ili lugha yake isanifiwe, kurasa mbili zinazotazamana zilitumia fungu moja la "upungufu wa damu", upande mmoja kwa hali ya hemoglobini ndogo wakati wa mimba, na upande wa pili kwa kutoka damu baada ya kujifungua. Ya kwanza hutibiwa kwa vidonge vya madini ya chuma kwa miezi. Ya pili huua kwa muda mfupi, na msaada wake ni wa dakika. Mkunga mwenye uzoefu asingepotea, lakini kijitabu kilikusudiwa kwa wasio na uzoefu. Rai yangu ni kwamba hali ya pili iitwe upotevu wa damu, au kutokwa na damu, daima na bila ya kubadilisha. Na fungu la upungufu wa damu liachiwe hali ya kwanza peke yake, kwa kuwa umma umekwisha kulizoea. Katika maandishi ya maabara pafaa kusemwa waziwazi: ukolezi mdogo wa hemoglobini.

Je, "wekundu wa damu", unaotajwa sana katika kliniki za Tanzania, tuuache? La hasha. Kwa mintarafu ya historia tuliyoieleza, istilahi hiyo ni halali: wekundu ndio hasa alioupima Gowers, na ndio aliouimarisha Haldane kwa gesi. Kuna wanaosema kuwa njia ya Sahli ilipima ukahawia; ni kweli, lakini ukahawia huo ulikuwa wekundu uliogeuzwa. Tena wekundu ulirudi katika utaalamu mwaka 1995, G. J. Stott na S. M. Lewis walipoeleza kipimo cha rangi kwa Shirika la Afya Duniani: karatasi maalumu, tone la damu, na vivuli sita vya gramu 4, 6, 8, 10, 12 na 14. Ni wazo la Tallqvist lile lile, ila karatasi na rangi zimechaguliwa kwa uangalifu zaidi, na asilimia imeondolewa. Neno ninalolipinga ni "wingi wa damu" linapotumiwa kwa kipimo hiki, kwa sababu zilizokwisha elezwa.

Inabaki chuma. Wengi huandika "upungufu wa damu" na "upungufu wa madini ya chuma" kana kwamba ni kitu kimoja. Chuma huweza kuwa kimekwisha ghalani na hemoglobini ikawa bado haijashuka. Na hemoglobini huweza kushuka kwa malaria au kwa sababu nyingine huku chuma kipo. Kuzitenganisha hali hizo kulihitaji kupima protini nyingine, feritini, ambayo ndiyo ghala ya chuma. Katika seramu feritini ni chache mno: mpaka wa mtu mzima ni mikrogramu 15 kwa lita, na ukiulinganisha na gramu 120 za hemoglobini kwa lita, ni uwiano wa moja kwa milioni nane. Hapana rangi ambayo jicho lingeiona. Mwaka 1972 G. M. Addison na wenzake wa Cardiff waliweza kuipima kwa kingamwili zilizotiwa alama ya mnururisho. Lakini protini hii nayo ina hila yake, kwani hupanda mwili unapopambana na maambukizo. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unakubali mpaka wa juu zaidi, mikrogramu 70 kwa mtu mzima na 30 kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, palipo na maambukizo. Katika nchi zenye malaria, mfasiri anayeacha maneno hayo ya mwisho kwa kuona ni marefu ameondoa nusu ya maana.

Kasoro nayo si upungufu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya mgonjwa wa selimundu hutembea tofauti katika uwanja wa umeme, yaani imeumbwa tofauti; na mwaka 1954 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alichapisha uchunguzi wake wa Afrika Mashariki uliohusisha tabia hiyo ya kurithi na kinga dhidi ya malaria. Mgonjwa huyu huwa na hemoglobini chache pia, kwa kuwa chembe zake hufa upesi, lakini kumwandikia "upungufu wa damu" na kunyamaza ni kuandika matokeo na kuficha chanzo. Neno selimundu, seli na mundu, ni miongoni mwa istilahi zetu zilizofanikiwa sana. Hutaja umbo, na umbo ndilo chanzo cha maradhi.

Mwisho kuna mipaka. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1968 iliweka gramu 13 kwa desilita kwa wanaume, 12 kwa wanawake wasio wajawazito, na 11 kwa wajawazito na kwa watoto wa miezi sita hadi miaka sita. Nyaraka za siku hizi hutumia lita, hivyo 11 huandikwa 110, na mfasiri aliyezoea desilita hana budi kuangalia kipimo kabla ya tarakimu. Isitoshe, mwongozo wa mwaka 2024 umeushusha mpaka wa watoto wa miezi 6 hadi 23 ukawa gramu 10.5, na ule wa mjamzito katika miezi mitatu ya kati vivyo hivyo. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye gramu 10.7 alikuwa na upungufu wa damu kwa mujibu wa ripoti ya 1968, na kwa mujibu wa mwongozo wa 2024 hana. Kwa sababu hiyo kadi ya mtoto iandikwe gramu na kipimo chake kwanza, na jina la hali lifuate.